Boriti ya Kanisa la Kakuma

Sokoni Lodwar, Septemba 2012, Jerusha alichutama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, gauni lake la manjano amelikusanya magotini, jicho moja amelifumba, akiitazama boriti ya chuma kutoka ncha hadi ncha.

"Ejok, dada," alimsalimu kwa Kiturkana Ewoi, fundi wa kuchomelea aliyekuwa akipita. "Unaiombea au unaiposa?"

"Naipima. Tazama kwanza, ucheke baadaye."

Ewoi akatazama. Katikati, chuma kilitoka kando kwa upana wa kidole. Jerusha, mhandisi kutoka Kisii, alimweleza kwamba boriti iliyonyooka huvitegemea kidogo tu vyuma vinavyoishikilia ubavuni. Iliyopinda huvisukuma tangu siku ya kwanza, na mzigo ukizidi, huvisukuma zaidi. Vikiwa vyembamba, hujikunja, kisha boriti yenyewe hulala.

Walipendana upesi. Ewoi alipopewa kazi ya kujenga kanisa Kakuma, msimamizi alikuwa Jerusha, akiwa Lodwar. Simu zao zilianza kwa vipimo zikaishia kwa kubembelezana. Wazee wa Ewoi wangekwenda Kisii kuposa mwezi wa Januari.

Novemba, lori lilikwama kwenye mto mkavu karibu na Lopur, na boriti moja ikaanguka. Ewoi aliona ilivyotokeza katikati: vidole vitatu. Hii ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, naye hakutaka mpenzi wake aione imeanza vibaya.

"Umevuta kamba kuipima?" Jerusha aliuliza kwenye simu.

"Nimevuta, mpenzi. Imenyooka kama mimi."

Jerusha alicheka, akaidhinisha. Boriti ikapandishwa, paa likaezekwa.

Jumapili ya kwanza ya Desemba, Ewoi alikuja kanisani na shati jeupe lililopigwa pasi. Waumini walikuwa bado nje wakisalimiana na Mchungaji Lual. Akainua macho. Vyuma viwili vya ubavuni vilikuwa vimejikunja kama upinde.

Alisimama mlangoni, akawazuia watu, akawaambia boriti ilikuwa imepinda na kwamba yeye ndiye aliyesema uongo. Ayen, mama wa kwaya, alimuuliza kama maneno hayo angewaambia pia makaburini, paa lingewaangukia. Ndipo Ewoi akampigia Jerusha simu, akamwambia ukweli.

Jerusha alifika kesho yake, amevaa ovaroli. Kwa siku tatu waliegemeza paa kwa nguzo, wakafunga vyuma vinene zaidi, vilivyokaribiana. Jerusha hakutamka neno lisilohusu kipimo. Siku ya nne, wakinawa mikono, akasema:

"Wazee wa kanisa waliniuliza kama imenyooka. Niliwajibu ndiyo, kwa kinywa changu. Sasa nikipita wananiangalia."

"Najua. Nitawaambia wazee wangu wasiende kwenu."

"Nani amekutuma kuniamulia?" Alifunga mfereji. "Waje Aprili. Na wewe uje nao. Kabla ya mtu yeyote kutaja ng'ombe, umweleze baba yangu ulichofanya hapa. Asisikie kwa mwingine."

Ewoi, aliyekuwa amesimama mbele ya kanisa zima, alijikuta akimwogopa mzee mmoja asiyemjua.

"Nitamweleza," alisema, macho chini.

Jerusha hakuondoka mpaka Ewoi alipoyainua.