Nilimpa Ruwa Mji wa Mjukuu Wangu

"Ni mimi niliyeutoa."

Mjukuu wangu Asmaa alisema hivyo mbele ya wenzake, kichwa juu, macho makavu.

Alikuwa anasema uongo.

Na aliyeutoa huo mji alikuwa ameketi hapo hapo kwenye mkeka, sinia ya mchele mapajani, anachambua mawe ambayo hayakuwemo...

Kitendawili, wanangu. Mtu anamsikia mwenziwe akihukumiwa kwa kosa lisilo lake. Mwenye kosa midomo anayo, ulimi anao, kauli hana. Nani huyo?

Msijisumbue kunipa mji. Jawabu ni mimi, Mwanatabu wa Mtongwe, nyanyake Asmaa.

"Umeutoa aje, kapteni?" Justus akauliza. Justus ni kijana wa watu wa bara, babake alikuja kwa kazi ya bandari, yeye amezaliwa Changamwe. "Mji mkuu? Kwa Ruwa? Na fainali ndiyo hii?"

"Nilibonyeza vibaya."

"Hiyo haibonyezwi vibaya," akasema Lynnette, yule mwenzao wa tatu. "Inakuuliza mara mbili kama una uhakika."

Iliniuliza kweli. Mara zote mbili nilijibu ndiyo.

"Manze, umetuuza," Justus akasema. "Sema tu Ruwa amekupa nini."

"Hakunipa kitu."

"Basi fainali tutaenda bila wewe."

Asmaa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha.

Nami nikaendelea kuchambua mchele.

Ngojeni niwaeleze nilivyofika hapo.

Kuna gemu inaitwa Himaya. Si ya kupiga mpira wala kukimbiza magari. Ni ya kufikiri. Unapewa kijiji, unalima, unajenga ukuta, unaweka askari, unapatana na majirani. Mwenye miji mingi mwishoni ndiye mshindi.

Mwanangu Matano, babake Asmaa, ndiye aliyeileta nyumbani, Himaya ya Pili, ndani ya kompyuta kuukuu. Goti langu lilikuwa limeanza kunisumbua.

"Mama, hii itakupitishia wakati," akaniambia.

Wallahi ilinipitishia wakati mpaka wali ukaungua.

Asmaa aliijua gemu hiyo akiwa mapajani mwangu. Ikaja ya Tatu, ikaja ya Nne, zote tukazicheza pamoja, tukigombana kuhusu ngano na askari.

Sasa imetoka ya Tano, na huko mitandaoni watu hawalali. Hizi gemu zinazozaliwa upya kila baada ya miaka, hubadilika kweli? Ama tunauziwa ile ile tuliyonayo?

Asmaa ana ukurasa wake wa mambo hayo. Siku moja akanielekezea simu, akanirekodi.

"Nyanya, Himaya ya Tano ina jipya?"

"Mwanamke ni yule yule, kabadilisha leso."

"Hakuna jipya hata moja?"

"Maji yanameremeta. Farasi wamenenepa. Lakini shamba ni lile lile, ukuta ni ule ule, na yule mfalme wa kaskazini ni mwongo vile vile."

Video ile ilienea, hata sijui iliendaje. Vijana wa ferini wakawa wakiniona wananiamkia Nyanya Himaya. Mmoja aliniita profesa. Mimi wa darasa la saba...

Kichwa kilinivimba, siwafichi.

Asmaa alinionya. "Nyanya, vitu vikubwa ni vile vile, lakini sheria ndogo ndogo wamezigeuza. Soma yale maelezo kabla hujacheza."

"Nani alimfundisha mwenziwe hii gemu?"

"Wewe, nyanya."

"Basi niache."

Maelezo sikuyasoma. Nilihisi kama naambiwa nirudi shule.

Kisha yakaja mashindano ya pwani nzima. Fainali ingekuwa kwenye hoteli moja huko Shanzu, na timu itakayoshinda ingechukuliwa kazi na wenye gemu, kuyajaribu matoleo yajayo kabla hayajatolewa. Kazi ya kulipwa, wanangu, ya kukaa na kufikiri.

Asmaa tangu amalize chuo anauza vifuniko vya simu kwenye duka la mtu karibu na feri. Anarudi jioni hana maneno. Nilipomwona akiongea habari za Shanzu, uso wake ulirudi kuwa ule wa utotoni. Kazi ile ndiyo aliyoitaka, hapakuwa na nyingine.

Asubuhi akienda dukani, aliniachia kompyuta wazi.

"Nyanya, nivunie tu mazao yasioze. Kingine usiguse."

"Haya, mwanangu."

Justus na Lynnette hawakulijua hilo. Lilikuwa letu, mimi na yeye.

Asubuhi moja navuna zangu mtama, ukaingia ujumbe. Ni wa Ruwa, kapteni wa timu ya Kisauni.

"Shikamoo, nyanya."

Nikashtuka. Nikaandika, "Nani kakwambia ni nyanya?"

"Asmaa huvuna kama anafukuzwa. Wewe unavuna kistaarabu."

Nikacheka peke yangu.

"Marahaba, mwanangu."

"Niliona video yako. Wanasema kwa vitendawili huwezekani."

"Wanasema kweli."

"Kitendawili."

"Tega."

"Namgusa uso anaamka. Nikimwacha kidogo analala. Usiku kucha ananyonya ukutani."

Nikasema mtoto. Akasema mtoto hanyonyi ukutani. Nikasema mjusi. Akasema mjusi ukimgusa uso anakimbia. Nikasema popo, nikasema mchwa, nikasema mpaka jini. Kila jawabu akalikataa kwa adabu, "Hapana, nyanya," "Hapana, nyanya."

"Nimeshindwa," nikaandika.

"Basi nipe mji."

Nyinyi wa pwani mnajua. Ukishindwa kitendawili unatoa mji, mwenzako anautawala kwa maneno, kisha anakupa jawabu. Ndivyo tulivyolelewa.

"Chukua Kwale."

"Kwale siutaki, nyanya. Nipe ulio wako."

Na kwenye Himaya kuna mahali pa kumpa jirani mji. Katika ya Pili ilikuwa hivi: unampa mji, anavuna msimu mmoja, kisha mji unarudi kwako wenyewe. Ya Tatu ilikuwa hivyo. Ya Nne hivyo hivyo. Mimi na Asmaa tulikuwa tukipeana miji kwa vitendawili tangu yeye hajang'oa meno ya utoto.

Nikaona utani mtamu. Nikafungua mji mkuu, ule wenye ukuta wa mawe na askari wote.

Ikaniuliza, una uhakika? Ndiyo. Una uhakika kweli? Ndiyo, bwana.

Nikamwandikia, "Nimeshindwa. Chukua mji."

Bendera yetu ikashuka, yake ikapanda. Ghala zikageuka rangi, askari wakageuka rangi...

"Ahsante, nyanya," akaandika. "Jawabu ni simu."

Simu yangu ilikuwa mapajani.

Nikangoja msimu upite mji urudi. Msimu ukapita, mji haukurudi. Ndipo nikayafungua yale maelezo, nikayasoma kwa kidole, neno kwa neno. Katika Himaya ya Tano, mji uliotolewa umetolewa.

Leso ile, kumbe, ilikuwa imevaliwa na mwanamke mwingine.

Jioni Asmaa akarudi. Nilitaka kumwambia. Wallahi nilimwita.

"Asmaa."

"Abee, nyanya."

"...Kuna chai kwenye chupa."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Chai.

Kesho yake Ruwa akaweka picha mtandaoni, ule mstari mmoja tu, Nimeshindwa chukua mji, na chini yake jina la Asmaa. Watu wakacheka mpaka basi. Wenzake wakaja nyumbani, wakanikuta nachambua mchele. Yaliyofuata mmeshayasoma.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu nyingi mno. Asmaa alinipikia, akanipaka dawa ya goti, akaniuliza nimelalaje. Laiti angenifokea.

Siku ya fainali akaniambia anaenda Shanzu kutazama.

"Utatazama nini, na wamekutoa?"

"Nitawatazama wenzangu."

Alipoondoka, nikakaa na moyo wangu. Nikajiambia: Mwanatabu, leo useme. Nenda mbele ya wenye mashindano, sema ni wewe, mjukuu wako atasafishwa, atarudishwa timuni, kazi ataipata. Nikavaa buibui langu la sikukuu. Sikumpigia yeyote. Nilitaka iwe ghafla, aone nyanyake amejitoa.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine na vijana wengi mno. Timu yetu ya Likoni imekaa upande mmoja, Justus na Lynnette, na kiti kitupu kati yao. Nikamwendea msimamizi, Bwana Gedion, mtu mpole, miwani shingoni.

"Mama, karibu. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kusema kweli. Ule mji wa Likoni hakuutoa Asmaa. Niliutoa mimi."

Akavaa miwani.

"Wewe ulicheza, mama?"

"Mimi."

"Kwa jina la nani?"

"La mjukuu wangu. Nilikuwa namvunia kila asubuhi."

"Kila asubuhi?"

Nikasema ndiyo. Ile ndiyo yangu, wanangu... Sijui nitaacha lini.

Akashusha pumzi. "Afadhali ungenyamaza, mama."

"Kwa nini? Si sasa arudishwe?"

"Mtu wa nje akichezea jina la mchezaji, timu nzima inatoka. Si yeye pekee."

"Lakini zamani ilikuwa inaruhusiwa. Hata ya Nne mtu alichezewa na nduguye."

"Hiyo ni ya Nne."

"Na Ruwa aliyenitega?"

"Kutega kitendawili si kosa."

Aliwaendea, akainama, akasema nao kwa sauti ya chini. Nilimwona Lynnette akifunika uso. Justus alivua vile vya masikioni, akavikunja taratibu, akaja mpaka niliposimama. Nilidhani atanitukana.

"Shosho," akasema, "mimi nilimwambia Asmaa ametuuza. Juu yako."

Akapita.

Asmaa alikuwa ameshuka kutoka viti vya nyuma. Akanishika mkono, akanitoa nje, hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Nyanya, umefanya nini?"

"Nimekusafisha, mwanangu. Nimewaambia ni mimi."

"Nilijua ni wewe."

"Ulijua?"

"Tangu ile picha. Nani mwingine Likoni nzima akishindwa kitendawili anatoa mji wa kweli?" Karibu acheke, lakini kicheko hakikufika. "Nilisema ni mimi kwa sababu nilizisoma sheria. Nikisema ni mimi, natoka peke yangu. Nikisema ni wewe, tunatoka sote. Nilitaka hata wale wawili waipate."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja uniambie wewe. Mimi, nyanya. Si wao."

Kitendawili hicho nacho kilinishinda. Na hapo hapakuwa na mji wa kutoa.

Wa Kisauni walishinda bila kucheza. Ruwa alipita karibu yetu, akanisalimu shikamoo, nikamwitikia marahaba, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Lynnette alirudi kwao, hajaja tena Mtongwe. Justus alimwandikia Asmaa kumwomba radhi. Mimi hajaniandikia, wala simdai.

Sasa mnaniuliza kwenye maoni, maana ile video bado inazunguka: Nyanya Himaya, hizi gemu mpya hubadilika kweli?

Hubadilika. Kinachokuja mbele ya macho ni kile kile, shamba, ukuta, farasi, ndiyo maana wazee kama mimi tunaingia kifua mbele. Mabadiliko wameyaweka kwenye sheria, pale tusiposoma kwa sababu tunajua. Nimemwambia Asmaa aifute ile video yangu. Hakuifuta.

Mtu je, hubadilika? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mara ya kwanza nilitoa mji wa mtu bila kumuuliza mwenyewe. Mara ya pili nikatoa siri ya mtu bila kumuuliza mwenyewe, nimevaa buibui la sikukuu, nikidhani huko ndiko kutubu. Kosa lilikuwa ni lile lile...

Mkichukua neno moja kwangu, lichukueni hili. Ukimkosea mtu, anza na yeye. Mfuate alipo, mwambie yeye kwanza, na umuulize anataka ufanye nini. Usikimbilie kuungama ukumbini ili wewe ulale vizuri. Mimi nilikuwa na jioni nyingi za kumwambia, na chai ilikuwa tayari mezani.

Posti hii nimempa Asmaa aisome kabla sijaiweka. Safari hii nimeuliza.

Ameisoma yote, amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Amesema niiweke, haina shida. Kisha akafuta mstari mmoja tu, akanirudishia simu, akaenda dukani.

Ni ule niliokuwa nimeandika kwamba amenisamehe.