Mgeni wa Chumba cha Nne

— Mgeni wako ni nani?

Afande alikuwa ametoka kunawa mikono, maji yakimtiririka viwikoni. Akaiona simu yake mkononi mwa mchumba wake, akajua chai imeishia hapo.

Mchumba huyo ni fundi wa kufuma sweta, na mtaa mzima unamwita Fundi. Akasoma ujumbe kwa sauti, hata mashine za dukani kwake zisikie:

"Mgeni wako anakuulizia tangu asubuhi. Amegoma kula mpaka akuone. Fanya haraka. Kufuli."

— Kufuli ni askari mwenzangu, Afande akajitetea.

— Sijauliza kufuli. Nauliza mlango.

— Ni mambo ya kazini tu, mpenzi.

— Ya kazini! Juzi umeniambia tusogeze harusi mbele kidogo. Kidogo! Kadi zimeshachapwa, mama yako kashanunua viatu. Nilipouliza sababu, ukakohoa.

— Nitakueleza.

— Na lile sweta la kijani nililokufumia, liko wapi?

Afande akakohoa.

— Haya, mgonjwa wangu, mkimbilie daktari wako!

Afande akachukua kofia yake, akaondoka bila kumaliza kikombe. Shoga yake Fundi, ambaye kazi yake pale ni kushona vifungo, hakuinua hata kichwa.

— Shoga, mwanaume akianza kusema "mgeni", wewe anza kuhesabu mashuka.

Hilo ndilo lililommaliza. Fundi akafunga duka, akashika njia ya kule kwenye ukuta wenye nyaya juu, kituo anakofanya kazi Afande, wanakozuiliwa wahamiaji wasio na vibali. Hakuwahi kukanyaga mle. Lakini kwenye mkutano wa mtaa, jana yake, yeye ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Wafungiwe wote, tulale usingizi!" Siku hiyo Afande alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kimya kama maji mtungini.

Getini alisimama bwana mnene mwenye kitita cha funguo.

— Unamtaka nani, dada?

— Namtaka mgeni wa Afande.

— Wa chumba cha nne? Una bahati, ndizo saa za kutembelea wageni.

— Kumbe kawekewa mpaka saa!

Akaingizwa kwenye chumba chenye meza moja na mabenchi mawili. Afande alikuwa anasogeza sahani ya chakula, anabembeleza. Upande wa pili ameketi mwanamke. Wenzangu, nisiwafiche: siku ile anaumbwa, Muumba hakuwa na haraka. Na mwilini alikuwa amevaa sweta la kijani.

— Vua! Fundi akapiga kelele. Vua sweta langu!

Mwanamke akasimama, akalivua, akalikunja vizuri.

— Samahani, dada. Mle ndani kuna baridi.

— Wewe una nini cha ajabu, mpaka uitwe mgeni wake?

Mwanamke akamtazama bila kuelewa.

— Sote humu tunaitwa hivyo.

Kelele zilimleta mkuu wa kituo, mama wa makamo aliyevaa miwani. Fundi alikuwa mkali, lakini alilelewa.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Neno "mahabusu" nimelipiga marufuku hapa, kwa sababu hawa hawajahukumiwa. Tunasema wageni, na kila askari ana wake. Askari wa kike wa chumba cha nne amejifungua, ndiyo maana chakula analeta mchumba wako.

— Wangu mimi wote wana ndevu, shemeji, Kufuli, yule bwana wa funguo, akadakia kutoka mlangoni.

Fundi aliona aibu, ila wivu haukubali kushindwa mara moja.

— Kosa lake nini?

— Nilikuwa yaya, mgeni akajibu mwenyewe. Mwajiri wangu aliishikilia pasipoti yangu mpaka kibali kikaisha muda. Nilipoidai, akawaita hawa.

— Wamo humu ambao siwezi kuwafungulia, mkuu akasema, na mtaani kwenu mna haki ya kuwaogopa. Huyu hajamdhuru mtu. Anaruhusiwa kusubiri kesi yake nje, akipata mdhamini raia mwenye makazi. Asipopata, kesho anahamishiwa kituo cha mbali, na wakili wake hawezi kumfuata huko.

— Ndiyo maana hakigusi chakula, Afande akasema.

— Si umdhamini wewe, bwana huruma!

— Mtumishi haruhusiwi. Wala mke wa mtumishi.

Fundi akamgeukia Afande.

— Wala mke...

— Mchumba hakutajwa, mkuu akasema. Kanuni nimeisoma mara mbili.

— Kwa hiyo harusi umeisogeza ili nisiwe mkeo?

— Ili nipate nafasi ya kukuomba. Halafu nikakusikia mkutanoni: wafungiwe wote. Nikaumeza ulimi.

— Ungeniambia!

— Ungesemaje?

— Ningekataa. Halafu ningekuja kumwona sura, nikatae mara ya pili!

Mgeni akacheka, kisha akajiziba mdomo kama aliyeiba. Vinyweleo vilikuwa vimemsimama mikononi kwa baridi. Alikuwa bado amemnyooshea Fundi lile sweta, anasubiri lipokelewe.

Fundi akalipokea, akalikunjua, akamvisha mwenyewe, kwa hasira kidogo, kama mama anayemvisha mtoto aliyechelewa shule.

— Mama, nipe kalamu.

— Akitoroka, utaulizwa wewe.

— Atorokee wapi? Atalala chumbani kwangu, na ufunguo nitaulalia. Nyinyi hapa mnalinda kwa zamu. Wivu, mama, hauna zamu.

— Huyu tumwajiri, Kufuli akanong'ona.

Jioni ile Afande akasimama mlangoni kwa Fundi, mkate kwapani.

— Hodi!

— Nani?

— Mimi, mchumba wako.

Ndani vicheko viwili vikakatika ghafla. Inaonekana walikuwa wanamjadili.

— Pitisha mkate dirishani. Saa za kutembelea wageni zimekwisha.

— Na harusi yetu je?

— Siku mgeni wangu atakapopata kibali chake.

— Mgeni wako?

— Wangu! Na atanisimamia mimi, upande wangu, mbali na wewe.

Afande akataka kusema neno.

— Kohoa tu, mpenzi, sauti ya Fundi ikasema, na dirisha likafunguka. Nimeshakuzoea.