Mchoro Uliokataa Kufunguka

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa anasimulia habari za jirani aliyehamia juzi. Watoto wawili waligombania soksi moja. Mume alizunguka nyumba nzima akitafuta funguo, kumbe zimo mfukoni mwake. Katikati ya kelele hizo, mezani, Injinia alifungua kompyuta yake.

Mtaa mzima ulimwita Injinia, hata mama mkwe wake. Alichora ngazi za chuma, mageti na minara ya kuwekea matangi ya maji. Leo alikuwa na kazi ndogo tu. Mnara wa kituo cha afya alishauchora. Lakini tangi lililonunuliwa lilikuwa na miguu iliyoachana zaidi. Ilibidi asogeze matundu manane ya bolti. Karakana ingeanza kukata chuma saa nne.

Programu ya kuchorea haikufunguka. Kikatokea kiboksi chekundu: nakala hii si halali.

"Shemeji!" aliita. "Hebu njoo uone mzigo wako!"

Mdogo wa mumewe alikuja na mswaki mdomoni. Programu hiyo huuzwa bei ya kutisha. Yeye aliipata kwa rafiki, imevunjwa kufuli, akamwekea Injinia bila malipo.

"Mbona ilikuwa inafanya kazi?" alisema. "Ngoja nitafute nyingine. Dakika tano tu."

Dakika tano zikawa arobaini. Nakala ya pili ilijaza kioo matangazo ya kamari, kompyuta ikaganda. Injinia akampigia mwenye karakana.

"Kaka, nisogezee hadi kesho."

"Dada yangu, kesho mashine inaingia kazi ya wiki mbili. Na wauguzi hawanipi pumzi. Wanabeba maji kwa ndoo mpaka chumba cha kuzalishia. Nikate kwa mchoro huu nilio nao?"

"Usikate! Matundu yatakosea, tangi halitakaa."

"Basi saa sita. Zaidi ya hapo siwezi."

Mama mkwe alikuwa ameshatoka. Alirudi na jirani mwingine, fundi kompyuta wa hospitali, ambaye wote walimwita Mama Waya. Njiani alishapewa habari yote, imetiwa chumvi ya kutosha.

"Hiyo msiiguse mpaka niisafishe," alisema. "Nani ana kompyuta nyingine?"

Mume alileta yake, yenye herufi mbili zilizong'oka.

"Karakana uliwatumia mchoro wa aina gani?"

"DXF. Ndiyo mashine yao inayosoma," Injinia alijibu.

"Na mchoro huo uko kwenye barua pepe?"

"Upo."

"Basi umepona, mwanangu. Faili ya DXF hufunguliwa na programu nyingi."

Mama Waya aliingia tovuti ya wenyewe walioitengeneza LibreCAD, programu nyingine ya kuchorea, akaipakua. "Hii ni programu huria," alisema.

"Ya bure?" Shemeji alicheka. "Si itakuwa ya kuchorea katuni?"

"Wewe unayepiga mswaki mpaka saa tano, nyamaza. Huria si bure tu. Ni kama kushonewa gauni, ukapewa na karatasi ya kukatia. Unaruhusiwa kulivaa, kulirekebisha, hata kumshonea jirani. Hiyo yako ya kuvunja kufuli, nani ajuaye aliyeivunja ameficha nini ndani?"

Shemeji akaenda kusukutua mdomo.

"Na nikitaka kuchora kitu kizima, si mistari tu?" Injinia aliuliza.

"FreeCAD. Ukitaka ramani za mabomba, QGIS. Hata wanaoandika programu wana huria yao, Git, ya kutunza kila badiliko. Ila usikurupuke. Si kila faili yako ya zamani itafunguka. Fungua, pima, ndipo uamini."

Mchoro ulifunguka. Maandishi yalikuwa yamehama kidogo, lakini mistari yote ilikuwapo. Injinia alipima upana wa mnara. Haukupungua hata milimita.

Vitufe havikuwa mahali alipovizoea. Kutafuta cha duara peke yake kulimtoa jasho. Lakini alisogeza matundu manane, akayapima mara mbili, akatuma saa sita kasorobo.

Jioni Mama Waya alirudi kusafisha kompyuta. Shemeji alimsaidia kufuta nakala zake zote, kisha akaomba LibreCAD awapelekee rafiki zake.

"Naruhusiwa kuigawa?"

"Gawa mpaka uchoke. Hutajificha tena."

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, mwenye karakana alipiga simu kutoka kituo cha afya.

"Injinia! Bolti zote nane zimeingia kwa mkono. Sikugonga hata moja. Sikiliza!"

Kwenye simu maji yalisikika yakimwagika ndani ya sinki, na muuguzi mmoja akipiga vigelegele.

Injinia alikata simu. Akaenda chumbani, akavua viatu, akalala mchana. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aolewe.

"Mwacheni," mama mkwe aliwaambia watoto, akiufunga mlango taratibu. "Leo hana deni na mtu."