Mahudhurio ya Kubat

Kila Jumamosi asubuhi Begimai, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikanda unga kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kazi nyingine. Simu iliegemea birika, sauti ya mama yake ikitiririka humo bila kupanda wala kushuka, na kila baada ya dakika kumi kilitokea kitufe cha kijani: NIPO. Begimai alibonyeza, akarudi kwenye unga.

Mama yake, Nurzat, alifundisha chuoni tiba ya mifugo kwa njia ya mtandao; masomo aliyarekodi mapema, yakarushwa kila Jumamosi. Mwanafunzi aliyetakiwa kubonyeza alikuwa mjomba Kubat, mdogo wake mama, aliyekuwa milimani akizalisha kondoo wa babu. Huko, mtandao hupatikana ukipanda kilima kwa farasi.

"Saa mbili nzima nikae juu ya jiwe, kwenye theluji, namsikiliza dada akisoma kitabu?" Kubat alilalamika, akampa Begimai neno lake la siri. "Nibonyezee tu, mpwa wangu. Nitakuletea jibini kavu."

Leo mlango ulifunguka kwa kishindo. Mama aliingia, uso umemwiva kwa hasira.

"Kubat amelazwa! Homa wiki ya pili, viungo vyote vinamuuma. Kondoo wameharibu mimba, naye akawashika kwa mikono mitupu, ugonjwa wao ukamwingia! Somo la saba zima nimefundisha habari ya glavu. Na amehudhuria yote, hakukosa hata moja!"

Hapo hapo kitufe kikatokea kwenye simu, jina la Kubat juu yake.

Mama alikitazama. "Kubat yuko kitandani hospitali. Anayehudhuria hapa ni nani?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Somo la pili."

"Mwongo mkubwa wewe! Unakula chakula changu huku unanidanganya!"

"Mjomba ndiye aliyeniomba!"

"Angekuomba umsukume mtoni, ungemsukuma?"

Begimai alitupa unga mezani. "Si mimi peke yangu! Wanafunzi wako wengine pia: Sanjar anabonyezewa na dada yake, naye Elzat anabonyezewa na mwanawe. Hakuna anayekusikiliza, Mama! Unasoma, unasoma, hadi mtu anasinzia. Hilo somo la saba nililizima sauti!"

Mama alitoka, mlango ukagonga nyuma yake.

Siku mbili walipishana jikoni kama majirani waliogombana. Begimai alimkasirikia mama, akamkasirikia mjomba, kisha hasira ikamgeukia mwenyewe. Angelisikiliza somo lile, angempigia mjomba simu. Alilia akiwa peke yake.

Siku ya tatu walikwenda hospitali. Daktari alisema Kubat atapona, mradi ameze dawa wiki sita bila kukatiza.

"Jibini yako bado, mpwa wangu," Kubat alisema kwa sauti dhaifu.

"Sitaki jibini yako!" Begimai alifoka. "Na kubonyeza sibonyezi tena!"

Mama aliketi kando ya kitanda. Alikuwa bado amenuna. "Niambie basi, bwana mkubwa. Nifanye nini ndipo unisikilize?"

Kubat alifikiri. "Dakika tano, dada. Nizihifadhi kwenye simu, nisikilize nikiwa juu ya farasi. Halafu niulize habari ya kondoo wangu. Usiniulize kama nipo."

Jioni ile Mama alirekodi upya somo la saba. Lilikuwa fupi, likaishia kwa swali: "Kondoo wako ameharibu mimba. Utafanya nini kabla ya kumgusa?" Kitufe cha kijani alikiondoa. Kufikia kesho yake mchana, majibu kumi na tisa yalikuwa yamefika kwa sauti. Mengine yalikosea kabisa. Wawili walibishana hadi wakatukanana. Sanjar aliuliza afanyeje iwapo glavu zimeisha.

Begimai alisimama mlangoni. "Nisamehe, Mama. Nilikudanganya, na mjomba akaugua."

Mama hakugeuka haraka. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulikosea, na usirudie. Kumfanyia mtu kazi ya kujifunza ni kumwibia. Lakini hasira yangu haikuwa yako yote, mwanangu. Miezi mitatu hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Nilijua wamenichoka. Nikaogopa kuuliza, nikajifariji kwa mahudhurio. Wewe ulidanganya, na mimi nilipenda kudanganywa."