Kiganja Kinapowasha Baada ya Kupandikizwa Uboho

"Damu ya ndugu haigombani." Maneno hayo wifi yangu aliyaokota kazini kwake, wanakoshona sare, yakaniganda kichwani kama gundi.

Binti yangu, tunayemwita Chiriku kwa kusema sana, alikuwa ametoka hospitali. Uboho wake uliugua, ukashindwa kutengeneza damu safi. Kaka yake akamtolea wake. Vipimo vilisema wanalingana. Tukapewa vidonge vya asubuhi na jioni, ili uboho mgeni usigombane na mwili wake.

"Vidonge vya nini tena, wifi?" wifi yangu akaniuliza. "Binti mmoja kazini alipewa uboho wa dada yake. Vidonge kaacha, na sasa anacheza muziki."

"Daktari kasema tusiache."

"Haya, mwogope daktari wako."

Sikuacha, lakini moyo ulikuwa nusu kwa nusu.

Siku moja Chiriku akajikuna kiganja. "Mama, pesa inakuja!"

"Ikija usimsahau shangazi yako," wifi akasema. Tukacheka wote.

Kesho yake viganja vilikuwa vyekundu, nyayo pia. Akaanza kuharisha.

"Joto tu hilo," wifi akasema. "Mpake mafuta."

Chiriku hakujibu kitu. Chiriku, kunyamaza! Nikamfunga shuka, mbio hospitali.

Muuguzi alivitazama viganja. "Afadhali umemleta leo, mama. Chembe za kaka yake zimeanza kuupiga mwili wake. Zinauona mgeni."

"Si walilingana? Baba mmoja, mama mmoja!"

"Walilingana kwenye yale makubwa tunayopima. Je, sura zao ni moja?"

"Wala. Kaka mtu kachukua mwanya wa baba yake, huyu hana."

"Na ndani ni hivyohivyo. Kila mtoto hurithi vyake. Tofauti ndogo tu, mmoja akapona kwa utulivu, mwingine akasumbuka. Hata dawa, mwili huu huimaliza upesi, ule polepole. Ndiyo maana kila mgonjwa ana kiasi chake."

"Atapona?"

"Tumewahi. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia leo."

Alilazwa, akaongezewa dawa. Nilikaa nikimtazama kifua kikipanda na kushuka. Hata asubuhi moja akafumbua macho, akaonja supu niliyomletea: "Mama, supu hii nani kasahau chumvi?" Nikalia.

Wifi alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Habari za damu hakuzigusa. "Viganja vipi, mwanangu?"

"Haviwashi tena, shangazi. Pesa imepotea njia."

Wewe unayeuguza kama mimi, epuka haya:

Kuacha au kupunguza vidonge bila daktari.

Kufuata kiasi cha dawa cha mgonjwa mwingine.

Kupaka upele mafuta ukangoja uone.

Kupuuza kuharisha, au macho kuwa ya njano.

Kuamini kwamba ndugu wakilingana, hatari imekwisha.

Na kucheka kiganja kinapowasha. Kitazame kwanza.