Karatasi Isiyo na Jina

Katika kiwanda cha kufulia nguo, wanawake kumi na sita walipiga pasi tangu asubuhi hadi jioni. Walinyoosha mashuka ya hospitali. Mvuke ulijaa chumba kizima. Madirisha yalikuwepo, tena manane, lakini yote yalipigiliwa misumari. Msimamizi aliogopa mashuka yangetoroshwa.

"Kwani shuka lina miguu?" wanawake walinong'ona. "Wenye miguu ni sisi, na sisi ndio tuliofungiwa."

Mmoja wao aliitwa Mama Pasi, kwa sababu hakuna kunjo lililomshinda. Mumewe alichochea moto wa boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, upande wa pili wa ukuta. Waliishi katika chumba kimoja cha nyumba za kiwanda. Ukifukuzwa kazi, unafukuzwa na nyumbani.

Siku moja mwenzao alizirai kwa joto. Aliangukia pasi, akaungua mkono hadi kiwikoni. Mama Pasi akaenda baraza la mji kulalamika. Alikwenda mara tatu. Mara zote tatu aliambiwa, "Mwambie diwani wenu." Diwani wao alikuwa shemeji yake msimamizi.

"Basi gombea wewe, dada," wenzake wakamwambia.

Mama Pasi alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda kuchukua fomu. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa katika baraza lile.

Alishindwa kwa kura saba.

Lakini kilichowatia watu hofu hakikuwa kushindwa. Kesho yake msimamizi alikwenda kwenye boila. Akasimama nyuma ya mume wa Mama Pasi.

"Nimeiona kura yako," akasema. "Ulimpa mkeo."

Yule bwana aliacha kuchochea. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Msimamizi akawaendea na watu wengine kumi, mmoja mmoja, akawaambia maneno yale yale. Hakukosea hata mmoja. Wiki ile familia moja ilitolewa chumbani. Godoro lao lilikaa kando ya barabara mchana kutwa, na watoto wamelikalia.

Tangu hapo watu wakaamini kwamba msimamizi anaona ndani ya sanduku la kura. Wengine walisema kuna tundu darini. Wengine walisema penseli yenyewe inasema.

Miaka mitatu ikapita. Uchaguzi ukarudi, na Mama Pasi akachukua fomu tena.

Jumapili moja msimamizi alipita katika nyumba za kiwanda, mlango kwa mlango. Mkononi alikuwa na daftari jeusi. Hakupiga kelele. Alikuwa mpole kama daktari.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, bwana msimamizi."

"Nyumba hizi ni chache, na wanaozitaka ni wengi. Kila mtu apige kura anavyopenda. Mimi nitaona tu, kama nilivyoona mara ile."

Akapitisha kalamu juu ya daftari, akaenda mlango wa pili.

Mume wa Mama Pasi akafunga mlango.

"Mke wangu, jitoe."

"Nikijitoa, nani atafungua yale madirisha?"

"Na tukitolewa, watoto watalala wapi? Uliliona lile godoro."

"Niliona." Mama Pasi akakaa kitandani. "Usidhani mimi siogopi, mume wangu. Jana niliunguza shuka. Miaka kumi na tisa sijaunguza shuka."

Kupitia ukuta walisikia jirani akimwambia mkewe, "Sisi tutampa shemeji mtu. Yaishe."

Ng'ambo ya barabara alikuwa amehamia karani wa posta, mama wa makamo mwenye miwani. Katika mji alikotoka alikuwa amehesabu kura mara nne. Mama Pasi alimwendea amsaidie kusoma fomu. Mumewe alimfuata, kwa sababu hakutaka kubaki peke yake na mawazo.

Karani alisikiliza habari yote. Kisha akamgeukia mume.

"Kaka, hebu niambie. Ulipopewa ile karatasi ya kura, ulifanya nini?"

"Nilitia alama penye picha ya mke wangu."

"Halafu?"

"Halafu nikaandika jina langu."

Karani akavua miwani. "Uliandika jina lako?"

"Kamili. Kwa mwandiko wa kuunganisha," alisema kwa fahari. "Mwalimu wetu wa shule ya jioni alitufundisha: karatasi isiyo na jina haina mwenyewe. Ukisahau jina, hupati alama hata moja. Dada yangu, miaka arobaini nilikuwa mtu wa dole gumba. Nilipojua kuandika jina langu, niliandika kila mahali. Hata koleo langu la makaa lina jina."

"Darasani mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Mama Pasi alimtazama mumewe. Mume alitazama sakafu.

"Sikilizeni," karani akasema taratibu. "Karatasi ya kura haitakiwi kuwa na jina lako. Ikiwa nalo, imeharibika, haihesabiwi. Na karatasi iliyoharibika huonyeshwa mawakala wote wa wagombea, waione kwa macho yao. Wakala wa diwani alikuwa nani?"

"Msimamizi," Mama Pasi akajibu.

"Basi hana uchawi. Anajua kusoma tu. Mlimpa majina kumi na moja."

Mume akashika kichwa. "Kura kumi na moja! Na tulishindwa kwa saba!"

"Usilie, kaka. Mwalimu wako hakukosea. Daftari la shule linataka jina, na barua inataka jina. Kura ni kitu kingine. Nguvu yake ni kwamba haina mwenyewe. Unaingia nyuma ya pazia peke yako. Unatia alama moja, kwa mgombea mmoja. Unakunja, alama ibaki ndani. Unatumbukiza. Ikishaingia, imechanganyika na nyingine, na hata mimi ninayehesabu siijui ni ya nani."

"Na tundu la darini?"

"Siku ile inua kichwa utazame. Ukiliona, njoo unichape."

Jioni zilizofuata watu walifika kwa karani wawili wawili, kana kwamba wanakwenda kununua stempu. Karani alitundika shuka kuukuu kuwa pazia. Sanduku la kura lilikuwa boksi la sabuni. Bibi mmoja, mkunja mashuka, alikunja karatasi yake mara nane, pembe kwa pembe.

"Mama, hiyo ni kura, si shuka la hospitali!"

"Mwanangu, mkono umezoea."

Wakacheka. Lakini walipotoka, kila mmoja alitazama kwanza barabarani kama daftari jeusi lipo.

Siku ya kura ikafika. Msimamizi alikaa katika chumba cha kupigia kura tangu kituo kilipofunguliwa, kwenye kiti cha mawakala. Daftari lilikuwa gotini. Alimsalimia kwa jina kila aliyeingia.

Mume wa Mama Pasi alipewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia. Aliinua kichwa. Dari lilikuwa zima, halina tundu. Aliinamisha kichwa. Chini ya pazia aliona viatu vya kahawia vya msimamizi. Msimamizi akakohoa.

Yule bwana alifikiria godoro barabarani. Alifikiria ule mkono ulioungua. Akatia alama yake moja. Aliitia wapi, hilo alilijua yeye na pazia.

Ndipo mkono wake ukaanza wenyewe kuelekea chini ya karatasi, mahali pa jina. Penseli iligusa karatasi. Nukta ndogo ikatokea. Akauvuta mkono kama aliyegusa boila. Akakunja karatasi, akatoka. Vile viatu havikuwa vimesogea.

Usiku ule nyumba za kiwanda hazikulala vizuri. Asubuhi matokeo yakasomwa. Mama Pasi alishinda kwa kura thelathini na moja. Karatasi iliyoharibika ilikuwa moja tu. Mtu alikuwa amewatia alama wagombea wote wawili, asimuudhi yeyote.

Hakuna aliyeshangilia. Walimsubiri msimamizi penye boila. Akaja, amefura kwa hasira, na daftari lake.

"Nimeiona kura yako," alimwambia mchochea boila.

Yule bwana alijishikilia kwenye koleo lake. "Umeona nini, bwana msimamizi?"

Msimamizi akamgeukia mtu wa pili. "Na wewe! Umetusaliti! Nimeiona yako pia!"

Mtu wa pili alikuwa dereva wa shemeji yake mwenyewe. Kifuani alikuwa bado na fulana yenye picha ya shemeji. Machozi yakamlenga. "Mimi, mzee? Mimi niliyebandika karatasi zenu mpaka vidole vikanata?"

Kwanza alicheka mkunja mashuka. Kisha kicheko kikapita ukutani, kikaenda kwenye pasi, kikarudi. Msimamizi alifunga daftari. Ndani ya daftari lile hapakuwa na kitu.

Mwezi wa pili baada ya uchaguzi, baraza la mji lilimtuma mkaguzi. Misumari ikang'olewa, madirisha manane yakafunguliwa. Mvuke ukatoka nje, na wanawake wakaiona barabara. Mama Pasi alikuwa diwani kwa vipindi vitatu. Kabla ya kila uchaguzi alikwenda shule ya jioni yeye mwenyewe, na boksi la sabuni, akawafundisha wanafunzi wapya mahali pasipotakiwa jina.

Nyumbani alikuwa na swali moja.

"Baba watoto, siku ile uliogopa sana. Niambie kweli. Ulinipa mimi?"

Mumewe alipuliza chai yake.

"Mheshimiwa diwani," akasema, "karatasi yangu haikuwa na jina."