Habari ya Ukurasa wa Mbele

Ukumbi wa mikutano ya waheshimiwa wabunge ulikuwa umefurika siku daktari alipogongana mlangoni na mwandishi wa habari za afya, karatasi za hotuba yake zikatapakaa sakafuni. Mwandishi, shati jeupe mikono imekunjwa, aliinama kuziokota, akasoma moja na kukuna kichwa.

“Dada, hii umewaandikia madaktari wenzako. Waheshimiwa watasinzia.”

“Basi niandikie wewe unayejua kila kitu.”

Akamwandikia kweli. Tangu hapo simu zao hazikupoa. Daktari alimfundisha jinsi sindano mpya inavyomkinga mtu asiambukizwe virusi vya Ukimwi. Mwandishi akamfundisha kuyasema hayo kwa maneno ambayo hata mama yake angeyaelewa. Kati ya somo na somo wakapendana, wakaacha kujifanya ni kazi tu.

Kisha gazeti likatoka na maandishi makubwa: DAWA YA KUPONYA UKIMWI YAPATIKANA. Chini yake, jina la mpenzi wake. Kliniki ikajaa watu wanaouliza kama waache vidonge vyao. Daktari hakusoma hata mstari mmoja wa habari yenyewe. Alimfungia mwandishi simu na moyo. Mchana alijikaza. Jioni alimkumbuka mpaka chakula kikamshinda.

Miezi ikapita, wafadhili wakakata fedha. Daktari, asiye tena na wa kumsemea, aliandika makala yake mwenyewe kuwasihi waheshimiwa waokoe mradi wa sindano. Asubuhi akaikuta gazetini, kila neno mahali pake, lakini juu kimebandikwa kichwa ambacho yeye hakukiandika: DAKTARI AWALIPUA WAHESHIMIWA. Akampigia mwandishi simu.

“Kumbe mwandishi haandiki kichwa cha habari yake?”

“Anaandika mhariri, sisi tukishaondoka,” ilijibu ile sauti aliyoililia. “Ningekwambia, lakini hukupokea simu.”

“Nisamehe, mpenzi.”

“Nilishakusamehe zamani. Uko wapi?”

Mwandishi alimkuta kliniki akifungasha maboksi, gauni lake la kijani limejaa vumbi. Waheshimiwa walikuwa wamenuna kwa kichwa kile cha habari, wamesema hawatoi kitu; mradi umekufa. Kazi ya nchi ya mbali, ambayo daktari alikuwa akiikwepa kwa wiki nzima, sasa alikuwa ameikubali. Angepanda ndege Jumapili.

Mwandishi akamshika mikono yenye vumbi, akamwomba awe mke wake.

“Niseme ndiyo halafu niondoke?”

“Sema ndiyo halafu uondoke. Kusubiri nimeshazoea.”

Akasema ndiyo, na Jumapili akaondoka.